Bila Kufungwa

Ndugu zangu katika lugha, mmezoea kunisoma nikihesabu mizani za watu na kuwauliza vina vyao vimepotelea wapi. Leo naomba mnivumilie niandike habari za mpira wa miguu, na hasa za msimu wa 2021/22, ambao Yanga walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara bila kushindwa hata mchezo mmoja. Nimesema "bila kushindwa" kwa makusudi. Vijana wa Tarakea walitumia neno jingine, na neno hilo ndilo lililonirudisha kwenye karatasi moja ya mwaka 1999 ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa.

Niseme mapema kwamba mimi ni Simba. Niliurithi ushabiki huo kwa kaka yangu mkubwa, ambaye alikuwa na redio peke yake ukoo mzima na kwa hiyo alituchagulia sote timu. Basi asije mtu akadhani nawaandikia tenzi za kuisifu Jangwani.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu, kisha nikarudi kihambani kwetu, Tarakea, huku juu Rombo, ambako mlima tunaouona asubuhi ni Mawenzi yenye meno kabla ya Kibo, na ambako ukitembea kidogo tu umekwisha kuingia Kenya. Mjukuu wangu wa kidato cha kwanza aliletwa akae nami. Runinga yangu ilikuwa imeungua, na mtoto ni Yanga wa kulala na jezi. Sikupenda atoke usiku peke yake. Ndivyo mwanamke wa umri wangu, mwenye kitenge na mkongojo, alivyojikuta anasindikiza mtoto kwenye banda la kuonyeshea mpira karibu na stendi.

Banda lenyewe ni la mabati, mabenchi ya mbao, runinga mbili na king'amuzi kilichofungwa juu ya nguzo kama mzinga wa nyuki. Kiingilio kilikuwa shilingi 500. Siku ya kwanza mwenye banda, mwanamume wa miaka kama 38 hivi, aliniona mlangoni akasimama wima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Nilikufundisha?"

"Ulinifundisha, Mwalimu. Kidato cha tatu."

Akaniletea kiti cha plastiki, akakiweka mbele, akakataa fedha yangu. Hakuongeza neno. Mwalimu aliyefundisha miaka mingi huzoea mambo hayo. Sura zinabaki, majina yanaondoka, nawe unashukuru tu kwamba mtu hakubadilisha njia alipokuona.

Msimu ule ulianza na maneno kabla haujaanza kwa mpira. Simba walikuwa wamechukua ubingwa mara nne mfululizo, tangu 2017/18 hadi 2020/21, na kwa miaka hiyo yote Wananchi, yaani Yanga, walikuwa wakiitwa majina ambayo siwezi kuyaandika yote mbele ya wasomaji wa heshima. "Utopolo" lilikuwa mojawapo la yale mapole. Kisha Agosti 2021 Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Simba, akahamia Yanga, na mabenchi ya Tarakea yakapata kazi ya wiki nzima kujadili kama maneno aliyoyarusha mtu yanaweza kumfuata alikohamia. Mwezi uliofuata Yanga walitolewa na Rivers United ya Nigeria katika Ligi ya Mabingwa Afrika, nasi wa Simba tukacheka kwa raha. Kicheko hakikudumu. Tarehe 25 Septemba walitufunga 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, bao la Fiston Mayele kutoka Kongo, na tangu siku hiyo nikaanza kuona watu wazima wakitikisa mikono na mabega kama wenye homa. Wakiita ni "kutetema".

Mjukuu wangu alidhani neno hilo limebuniwa na wanamuziki. Nilimweleza kwamba tetema ni neno la zamani, na kwamba tetemeka tunayoitumia kila siku imetoka humo. Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyeharibiwa sherehe.

Nikiri kwamba nilienda banda lile na kalamu nyekundu kichwani. Mtangazaji akisema timu "imenyakua" pointi tatu, mimi namwona mwewe na kifaranga. Wakisema fulani "amepoteza mchezo", nauliza kimoyomoyo umepotelea wapi mchezo ulioonwa na watu elfu ishirini. Hata neno bingwa lenyewe lilinisumbua. Daktari bingwa ni mjuzi wa kazi yake, wala hahitaji kumwangusha daktari mwenzake ili aitwe hivyo. Bingwa wa mpira hawezi kuwapo mpaka wengine 15 wamekaa chini yake. Vijana walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakarudia kuangalia mpira.

Tarehe 11 Desemba watani wakakutana Dar es Salaam, mchezo ukaisha 0-0. Mtangazaji akasema "suluhu". Mjukuu akaniuliza mbona siku nyingine husema "sare". Hapo nikafurahi, kwa sababu hilo ni jambo ambalo watangazaji wetu wamelitenda vizuri bila kamati yoyote kuwatuma: mabao yakiwapo na yakilingana, ni sare, kama sare za shule zinavyofanana; yasipokuwapo kabisa, ni suluhu, kana kwamba pande mbili zimepatana zisidhuriane. Lugha hupata maana ndogondogo kama hizo kwa watu wanaozihitaji. Nilisema hayo kwa sauti kubwa kidogo kuliko nilivyokusudia, na benchi la nyuma likanipigia makofi.

Basi nikajiona nimepata darasa. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Mwalimu, suluhu au sare, cha msingi hatujafungwa."

"Mmefungwa," nikamjibu. "Novemba, kule Lindi, Namungo waliwafunga. Ilikuwa 1-1."

Zogo likaanza. Wao wakasema lile lilikuwa bao tu, mchezo hawakufungwa. Nikawaambia Kiswahili hakijasema mchezo, kimesema kufungwa, na kipa aliyeokota mpira wavuni amefungwa. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, timu ikifungwa moja na kufunga matatu, imefungwa?" Nikasema ndiyo, imefungwa na imefunga. "Na imeshinda?" Imeshinda. "Basi imefungwa ikashinda!" Banda lote likacheka, na kicheko kilikuwa juu yangu. Nikapendekeza waseme "bila kushindwa". Wakaona halina ladha. Kushindwa, walisema, ni hata mtu aliyeshindwa kufungua chupa ya soda. Walikuwa na hoja, na mimi sikuwa na jibu la haraka.

Mwenye banda alikuwa pale kwenye nguzo na rimoti mkononi. Akasema polepole, "Neno hilo lina kazi nyingi, Mwalimu. Nilikwisha kukuandikia zamani."

Nikadhani ananitania. Nikacheka nao, nikamshika mjukuu mkono, tukaenda zetu. Baridi ya Desemba huku kwetu si kali. Lakini nilitembea nikijifunga kitenge mabegani, na nakumbuka niliona hata hilo ni kufunga.

Nitawapitisha haraka miezi iliyofuata, maana mwenye kufuata ligi anaijua na asiyefuata hataki kuhesabiwa. Kocha alikuwa Nasreddine Nabi wa Tunisia. Langoni alisimama Djigui Diarra wa Mali. Kiungo alikuwapo Khalid Aucho wa Uganda, pamoja na Feisal Salum, kijana wa Zanzibar mwenye miguu ya upole. Nahodha alikuwa Bakari Mwamnyeto, aliyetoka Coastal Union ya Tanga. Kikosini aliongezwa pia Mkongo aitwaye Chico Ushindi, na kila jina lake lilipotajwa redioni nilifikiri juu ya wazazi wake. Wiki kwa wiki hawakushindwa. Nilikuwa nawaombea wateleze, na ninasema hivyo bila aibu kwa sababu utani wetu umejengwa juu ya maombi ya namna hiyo.

Tarehe 30 Aprili 2022 watani wakarudiana. Ilikuwa ndani ya mwezi wa Ramadhani, siku za mwisho mwisho. Pale bandani alikuwapo fundi wa baiskeli, Mwislamu, mtu wa maneno machache, aliyekaa pembeni akingojea magharibi. Mchezo ukaisha tena 0-0. Suluhu ya pili. Watu wakanyanyuka kwa uchovu, hakuna wa kumcheka mwenzake, ndipo fundi yule akajifuta uso akasema, "Leo hapa aliyefunga ni mimi peke yangu."

Sijasikia banda lile likicheka vile tena. Mtu alianguka kutoka benchini. Mimi mwenyewe nilitoa machozi, na nilipokuwa nayafuta nikaona mwenye banda hacheki. Alikuwa anatazama chini, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake linatajwa chumba cha pili. Akaingia kwenye kijichumba chake cha nyuma, akatoka na bahasha ya kaki ambamo huweka vyeti na stakabadhi za banda. Akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, hii ni ya 1999. Ulitupa kazi ya kutunga ubeti mmoja wa tarbia."

Niliujua mwandiko wangu kabla sijaujua wake. Wino mwekundu haufifii haraka. Ubeti wenyewe ni huu, na nimepewa ruhusa kuuandika hapa:

Mama mlango afunga, giza lajaa nyumbani,
Baba mbuzi amfunga, kamba imo mkononi,
Bibi leo anafunga, Kwaresima, yu salani,
Nami nikishawafunga, nafunguka uwanjani.

Chini yake nilikuwa nimeandika: "Neno moja limefanywa kina mara nne. Huna msamiati? Mashairi si mpira. 3/10."

Niliisoma nimesimama, katikati ya watu waliokuwa wanatafuta ndara zao. Someni nanyi, kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao mwaka ule. Mizani ni nane kwa nane, haikuruka hata moja. Mama anafunga kwa komeo, baba anafunga kwa kamba, bibi anafunga kwa njaa aliyojichagulia. Kila aliyemo katika nyumba ile anafunga, na kila mmoja anafunga kwa namna yake. Kisha mtoto naye anafunga, bao, na kwa kufunga huko anafunguka. Kijana wa miaka 15 au 16 aliliona tendo lile likigeuka ndani ya mkono wake, akaligeuza mwishoni kabisa mwa ubeti, pale ambapo mtunzi mzoefu angeligeuza. Nami nikamwuliza kama hana msamiati.

Kanuni niliyoitumia ilikuwa sahihi, nisije nikaitupia kanuni lawama zangu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtunzi anayerudia neno lile lile kuwa kina amekiri kuishiwa, na hata leo mtu akiniletea shairi lenye "moyoni" mara nne namrudishia. Ila wazee walioshika kanuni hizo walijua pia kwamba neno lenye sura moja na maana nne hesabu yake ni nne. Walijua kwa sababu walisoma polepole. Mimi nilikuwa na madarasa matatu ya wanafunzi zaidi ya hamsini kila moja, taa ya chemli, na imani kwamba mtoto anayeandika habari za mpira ameandika kwa uvivu. Yale mawili ya kwanza ni udhuru. La tatu silo.

Nilimwomba radhi palepale. Alitikisa kichwa.

"Alama hazikuniumiza, Mwalimu. Tulikuwa tunapata hata sifuri."

"Kilikuumiza nini?"

"Ulidhani sina neno jingine."

Nilimwuliza kama aliendelea kuandika. Akasema aliandika kidogo, akaacha, akacheza mpira, na mpira nao ukamwacha alipoumia goti. Hakusema kwamba mimi ndiye niliyemwachisha utunzi, wala sitajipa cheo hicho; maisha ya mtu yana mikono mingi. Lakini aliitunza karatasi miaka 23 pamoja na vyeti vyake, na cheti cha kidato cha nne ambacho kimo humo sina hakika kama huwa anakitazama.

Juni 15 Yanga wakawafunga Coastal Union 3-0 Dar es Salaam na ubingwa ukawa wao, wa 28 katika historia yao, michezo ikiwa bado imebaki. Walipomaliza yote 30 walikuwa na ushindi 22 na sare 8, pointi 74. Mayele alimaliza na mabao 16, akapitwa kwa bao moja tu na George Mpole wa Geita Gold, na mjukuu wangu aliomboleza bao hilo moja kuliko alivyoshangilia kombe. Simba tuliwahi kumaliza ligi hivyo mwaka 2009/10, na Azam wakafanya hivyo 2013/14. Nilikumbusha jambo hilo bandani na hakuna aliyenisikia, maana bodaboda za Tarakea zilikuwa zinapiga honi hadi mpakani. Usiku ule vijana waliandika kwa chaki kwenye bati la mlango: YANGA BINGWA BILA KUFUNGWA. Nilipita asubuhi nikasoma. Sikuwa na kalamu, na hata ningekuwa nayo.

Kulikuwa kumebaki kombe moja, lile la Shirikisho, ambalo nusu fainali yake Feisal Salum alitutoa Simba kwa bao moja kule Mwanza. Fainali ikapangwa Arusha, tarehe 2 Julai, Yanga na Coastal Union. Mwenye banda akakodi Coaster, akanipa kiti cha mbele na mjukuu pembeni yangu. Nilisita, kisha akanitajia uwanja, nikakubali mara moja. Nadhani alijua.

Uwanja wa Arusha unaitwa Sheikh Amri Abeid. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuambiwa ni nani, lakini vumilieni. Ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, baadaye Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40 tu. Na ndiye aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho sisi tuliosomea ualimu tulikishika kama fundi seremala anavyoshika pima maji. Waziri wa Sheria aliyekuwa kwanza ametunga sheria za mashairi! Mabishano ya miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi na watu wakagombana kama shairi lisilo vina ni shairi, yalitukuta chuoni yakingali ya moto, na upande wangu niliuchagua kwa kitabu hicho. Nakala yangu imebanduka jalada. Niliitia mkobani nikaenda nayo uwanjani, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukashuka Mkuu na Himo, tukapita Moshi mlima ukiwa umejifunika. Arusha ilikuwa na ile baridi ya Julai inayokaa ndani ya kiatu. Getini, tukiwa kwenye foleni, niliwauliza vijana watatu wenye jezi za njano kama wanamjua Sheikh Amri Abeid. Wawili wakatazamana. Wa tatu akajibu kwa uhakika, "Si ndiye mwenye uwanja, bibi?"

Nilikuwa tayari kutoa somo. Mwenye banda akanitazama, nikalimeza. Pengine kijana hakukosea sana.

Siku hiyo nilikuwa Coastal. Mtu wa Simba hana hiari katika jambo hilo, na zaidi ya hayo Coastal ni ya Tanga, mji ambao mpenda Kiswahili hawezi kuutakia mabaya, na mabingwa wa Bara wa mwaka 1988. Kijana wao mmoja, Abdul Suleiman, wanayemwita Sopu, alifunga mabao yao yote matatu. Alitangulia kufunga, Yanga wakarudisha na kuongoza, akasawazisha dakika zikiwa zimekaribia kwisha. Muda wa nyongeza akafunga tena, na kwa dakika chache nilisimama juu ya kiti nikipunga mkongojo wangu miongoni mwa umati wa njano, mjukuu wangu akinivuta kitenge kwa aibu. Kisha Denis Nkane akawasawazishia Yanga, 3-3, na penalti zikawapa wao kombe. Mabao sita! Yanga hawakushindwa. Lakini walifungwa matatu, na mwenye banda aligeuka akaniambia katikati ya kelele, "Leo umeshinda hoja, Mwalimu. Tumefungwa tukashinda."

Tulirudi usiku. Vijana waliimba hadi Moshi, wakalala kabla ya Himo. Yeye alikuwa amekaa nyuma yangu, nami nilitaka kumwuliza jambo moja tangu Aprili. Nikamwuliza juu ya mlango ule wa mstari wa kwanza. Nilidhani atasema ni mlango wa kutungwa tu, kwa ajili ya kina. Alikaa kimya kidogo. Akasema mlango ulikuwa wa kweli, na ulifungwa mapema kwa sababu ambazo watu wazima wa nyumba ile walizijua, na kwamba kuna siku ulipofungwa yeye alikuwa upande wa nje. Kiwanja cha shule hakikuwa na mlango. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja nauli.

Mwaka 1999 alikaa dawati la tatu kutoka dirishani. Hilo nililikumbuka garini, ghafla, pamoja na mikono ya sweta aliyokuwa akiivuta kufunika viganja. Hatua nne kutoka mezani kwangu.

Nilimwambia nataka kuisahihisha upya ile karatasi. Akakataa. Alisema wino ubaki ulivyo, ameuzoea. Ila kama nina nia njema, nimpe kazi nyingine. Nikampa: aongeze ubeti wa pili, kwa vina vilevile, -nga na -ni, na safari hii asitumie tendo la kufunga hata mara moja. Alicheka akasema bado mkali.

Miezi ikapita. Ligi nyingine ikaanza, Yanga wakaendelea pale walipoachia, na hesabu ya michezo ya ligi bila kushindwa ikafika 49. Tarehe 29 Novemba 2022 wakaenda Mbarali, Mbeya, kucheza na Ihefu, wakashindwa 2-1.

Nilikuwapo bandani. Kila mtu alitazamia ningesimama niseme lolote, na kwa haki ya utani nilistahili. Vijana walikaa vichwa chini. Yule wa bodaboda akasema, "Haya Mwalimu, sema basi." Nikasema Kiswahili kinaruhusu sasa waseme wamefungwa, kwa maana zote. Walicheka kidogo, kwa huruma yao wenyewe.

Mwenye banda akazima runinga zote mbili. Akatoa karatasi mfukoni, mpya, akanipa mbele ya watu. Mistari mitatu ilikuwa imekamilika, na sitaiandika hapa kwa kuwa bado ni yake. Mstari wa nne ulikuwa na nafasi tupu katikati, pale panapokaa kina.

"Nimekwama," akasema. "Nataka neno la -nga."

Nikanyamaza makusudi. Benchi la mbele wakaanza kutaja: kanga, panga, unga, changa. Fundi wa baiskeli akasema mganga. Mjukuu wangu akasema anga, nikaona mwenye banda anaipima anga kwa midomo, anahesabu vidole, anaikataa. Wakaendelea: shanga, ranga, manga, karanga. Nikamwuliza mbona kuna neno moja lililo ukutani kwake kila siku, kwenye jezi za watu wote waliomzunguka, na hajalitumia wala leo wala mwaka 1999.

"Yanga?" akasema. "Hilo ni rahisi mno, Mwalimu."

Akaichukua karatasi, akaikunja, akauliza nani ataanza kuyapanga mabenchi.